Kikulacho Ki Nguoni Mwako: Historia Fupi ya Kumsaka Muuaji wa Kwenye Runinga

Onyo kwanza, wasomaji wangu. Leo naanika miisho ya tamthilia kadhaa za uhalifu. Kama kuna ambayo hujaiona na una mpango wa kuitazama, funga ukurasa huu, katazame, halafu urudi. Sitaki lawama.

Haya, tuliobaki tuendelee.

Tamthilia ya uhalifu ina tabia yake. Ya mapenzi unaitazama, unalia, unalala. Ya uhalifu inakuachia kazi ya kwenda nayo nyumbani: nani kafanya? Kesho yake ofisini, kwenye daladala, kwenye mgahawa wa chuo, watu wanagawana washukiwa. Huyu anasema mke, yule anasema mwanasheria, na wa tatu (kila kijiwe kina mtu wa aina hii) anashikilia kwamba marehemu hajafa.

Nimekuwa nikiifuatilia historia ya mchezo huu wa kubahatisha, na kuna jambo moja limenikaa kichwani. Mara nyingi jibu linapotolewa, watazamaji wanakasirika. Na hasira yao inafanana kila mara: muuaji ni mdogo mno kuliko siri yenyewe. Walitaka jitu la kutisha, wakapewa shemeji. Naona hasira hiyo inatueleza zaidi sisi tunaotazama kuliko inavyowaeleza waandishi wa tamthilia.

Mchezo wenyewe ni wa zamani kuliko runinga. Mwaka 1870 mwandishi Mwingereza Charles Dickens alianza kutoa riwaya ya The Mystery of Edwin Drood kwa vipande, kipande kimoja kila mwezi. Vilipangwa viwe 12. Tarehe 9 Juni mwaka huohuo Dickens akafariki, na vilivyochapishwa ni sita tu. Kijana Drood ametoweka, na mwandishi kaenda na jibu lake kaburini. Waingereza hawakukubali yaishe hivyo. Januari 1914 waandishi kadhaa walishiriki kesi ya maigizo jijini London ya kumshtaki John Jasper, mjomba wa Drood. Hakimu alikuwa G.K. Chesterton, na kiongozi wa baraza la wazee wa mahakama alikuwa George Bernard Shaw. Kesi ikageuka kichekesho na hakimu akawatoza faini wote kwa kuidharau mahakama. Lakini zingatia aliyesimamishwa kizimbani: mjomba, mtu wa ndani ya familia. Mkumbuke huyo, maana ndugu zake tutakutana nao tena.

Sasa turuke hadi tarehe 21 Machi 1980. Kituo cha CBS cha Marekani kinafunga msimu wa Dallas, tamthilia ya familia tajiri ya mafuta ya huko Texas. J.R. Ewing, mkorofi aliyeigizwa na Larry Hagman, yuko peke yake ofisini usiku. Anapigwa risasi mbili. Mwisho wa msimu.

Kwa kawaida watazamaji wangesubiri hadi Septemba. Mwaka ule waigizaji wa Marekani waligoma, utengenezaji ukachelewa, na kusubiri kukafika miezi minane. Miezi minane ya swali moja! Kampuni za kamari za Uingereza zilipokea dau juu ya nani kafyatua. Ilikuwa pia miezi ya kampeni za urais kati ya Jimmy Carter na Ronald Reagan, na wafuasi wa Republican waligawa beji zilizodai kwamba aliyempiga J.R. ni mtu wa chama cha Democrat. Watengenezaji nao, kwa kuogopa siri kuvuja, walirekodi waigizaji mbalimbali wakifyatua bastola ile, ili hata wafanyakazi wao wasijue ni yupi wa kweli.

(Kwa faida ya vijana: huku Tanzania Bara hatukuwa na cha kubahatisha. Zanzibar ilikuwa na runinga tangu 1973, na ya rangi, lakini Bara ilisubiri hadi 1994. Swali lililoukosesha ulimwengu usingizi lilitupita juu kwa juu.)

Jibu lilikuja tarehe 21 Novemba 1980. Inakadiriwa Wamarekani milioni 83 walitazama. Na muuaji mtarajiwa alikuwa nani? Kristin, shemeji yake J.R., mdogo wa mkewe, ambaye pia alikuwa hawara yake aliyetupwa. Hapakuwa na njama ya matajiri wa mafuta, wala mamluki wa kukodiwa. Ni ugomvi wa nyumbani, wa aina ambayo mjumbe wa nyumba kumi angeushughulikia Jumamosi asubuhi.

Miaka kumi baadaye ikaja tamthilia iliyoupeleka mchezo huu mahali pengine kabisa. Nayo ndiyo moyo wa makala hii.

Tarehe 8 Aprili 1990 kituo cha ABC kilirusha sehemu ya kwanza ya Twin Peaks, kazi ya David Lynch na Mark Frost. Watu zaidi ya milioni 34 waliitazama. Katika mji mdogo wa misitu na viwanda vya mbao, kaskazini magharibi mwa Marekani, mwili wa msichana wa miaka 17 unakutwa ufukweni, umefungwa kwenye plastiki. Anaitwa Laura Palmer. Alikuwa kipenzi cha mji mzima: mrembo wa shule, msichana aliyewapelekea wazee chakula majumbani. FBI inamleta mpelelezi Dale Cooper, mpenda kahawa anayeziamini ndoto zake.

Swali la nani kamuua Laura Palmer likaenea kila mahali. Safari hii watazamaji walikuwa na silaha mbili ambazo watu wa enzi za Dallas wengi hawakuwa nazo. Ya kwanza ni deki ya video. Waliirekodi kila sehemu, wakairudisha nyuma, wakaisimamisha picha kwa picha wakitafuta kilichojificha kwenye pembe ya kioo. Ya pili ni mtandao wa kompyuta. Ulikuwa bado mchanga, uko zaidi vyuoni na kwenye kampuni za teknolojia, lakini uliwakutanisha watu wasiojuana kabisa wabishane usiku kucha. Msomi wa Marekani Henry Jenkins alizichunguza hoja zao na kubaini kwamba wengi walikuwa wanaume waliozoea kompyuta, nao waliishughulikia tamthilia kama fumbo la kufumbua. Walihesabu namba, wakaunganisha majina, wakachambua bundi, moto na mapazia mekundu. Karibu kila mtu mjini alishukiwa.

Wakati huohuo jibu lilikuwa mezani tangu mwanzo. Katika sehemu za awali kabisa, mama yake Laura anapata maono: mwanaume mwenye nywele ndefu za mvi amechuchumaa miguuni pa kitanda. Kitanda cha nani? Cha Laura, chumbani kwake, ndani ya nyumba ya wazazi wake. Watazamaji wengi walitaka kujua mwanaume yule ni nani na katoka msitu gani. Lakini swali la karibu zaidi lilikuwa jingine: ni nani anayeweza kuingia chumba kile usiku bila mbwa kubweka wala mlango kuvunjwa?

Lynch hakutaka jibu litolewe. Alieleza mara nyingi kwamba siri ile ilikuwa kama bata wa mayai ya dhahabu, na kumchinja ni kuimaliza tamthilia. Wenye kituo waliona watazamaji wanachoka, wakashinikiza. Tarehe 10 Novemba 1990 muuaji akaonyeshwa: Leland Palmer, baba mzazi wa Laura. Mwanasheria, mtu wa heshima, aliyelia msibani hadi watu wakamhurumia. Tamthilia ilisema ameingiwa na pepo aitwaye Bob, yule mwenye nywele za mvi. Ilionyesha pia kwamba Bob alikuwa akimwingilia Laura kwa miaka mingi, tangu akiwa mtoto.

Watazamaji wakaanza kuondoka. Februari 1991 ABC iliisimamisha kwa muda, na sehemu ya mwisho ilirushwa tarehe 10 Juni 1991. Maelezo yaliyozoeleka ni kwamba siri ilipokwisha na utamu ukaisha. Ni kweli, lakini nadhani ni nusu ya ukweli. Baadhi ya wachambuzi wale wa mtandaoni walilalamika kwamba jibu ni jepesi mno, halilingani na ugumu wa fumbo. Baba tu? Miezi saba ya kuhesabu bundi, kumbe baba?

Hapo ndipo ninapokwama kila nikiifikiria habari hii. Baba kumnajisi na kumuua bintiye kunakuwaje jambo jepesi?

Na Lynch alilisisitiza tena. Mwaka 1992 alitoa filamu ya Twin Peaks: Fire Walk with Me, iliyozionyesha siku saba za mwisho za Laura akiwa hai. Utani wa kahawa na mikate ulipunguzwa sana. Kulikuwa na msichana anayemwogopa mtu anayekula naye chakula cha jioni. Watu wengi waliichukia na sinema hazikujaa. Watazamaji walikuwa wameipenda siri ya Laura kwa miaka miwili, lakini alipoletwa mwenyewe aeleze yaliyomkuta hawakutaka kumsikiliza. Ilichukua miaka mingi kabla wahakiki hawajaanza kuiita moja ya kazi bora za Lynch, ambaye alifariki Januari 2025.

Ndani ya tamthilia yenyewe, baada ya Leland kufa, wanaume waliomkamata wanasimama msituni wakijiuliza kama kweli Bob yupo. Mmoja anatoa wazo kwamba huenda Bob ni jina tu la uovu unaotendwa na watu. Ukiniuliza mimi, hiyo ndiyo sentensi iliyopaswa kurudishwa nyuma kwenye deki mara kumi.

Tarehe 10 Juni, miaka 16 kamili baada ya Twin Peaks kufungwa, HBO ikaifunga The Sopranos. Ilikuwa 2007. Tony Soprano, bosi wa genge la New Jersey, yuko kwenye mgahawa na mkewe na mwanawe wakila vitunguu vya kukaanga, binti yao anahangaika kuegesha gari nje. Mlango unafunguliwa, Tony anainua macho. Giza. Sekunde kumi za giza na kimya, halafu majina ya waigizaji. Wengi walidhani kebo imekatika.

Ubishi haujaisha mpaka leo. Tony kafa au hajafa? Watazamaji walimhesabu kila mtu aliyekuwa mgahawani: mwanaume aliyeelekea chooni, vijana walioingia, mzee mwenye kofia. Mwaka 2008 mmoja wao aliandika uchambuzi mrefu kama kitabu kuthibitisha kifo cha Tony. Mtunzi David Chase alikwepa swali kwa miaka, na mwaka 2021 ndipo alipoongea waziwazi zaidi kwamba Tony hakutoka salama. Lakini mapema kabisa alishangazwa na jambo moja: watu waliomshangilia mhalifu kwa miaka minane ndio walewale waliotaka kuona damu yake ukutani.

Angalia tulichokifanya. Mgahawa mzima tuliuchunguza tukitafuta muuaji, ilhali muuaji tuliyemwona kwa macho yetu akinyonga na kupiga risasi alikuwa amekaa katikati ya picha, na watoto wake, anakula. Hakuna aliyemweka kwenye orodha ya washukiwa. Tulishamzoea.

Baada ya hapo mambo yakawa yaleyale kwa kasi zaidi. Mwaka 2014 ilikuja True Detective. Kuanzia Januari hadi Machi watazamaji walimsaka "Mfalme wa Njano". Walikifukua kitabu cha Robert W. Chambers cha mwaka 1895, kikapanda kwenye orodha za mauzo baada ya karne nzima ya usingizi. Walichora michoro ya nyota, na wengine wakamshuku mpelelezi mwenyewe. Mwisho wake muuaji akawa mfanyakazi wa kukata majani. Alikuwa ameonekana katika sehemu ya tatu, amekaa juu ya mashine yake, akaulizwa maswali mawili matatu, akaachwa aendelee na kazi. Nani anamtazama mkata majani?

Na Uingereza, Line of Duty. Kwa miaka mingi watazamaji walimtafuta "H", kigogo wa polisi anayeshirikiana na majambazi. Hata mpelelezi mmoja aliyekuwa akikata roho alichunguzwa jinsi alivyogonga vidole vyake, nukta nne, herufi H kwa alama za simu ya upepo. Tarehe 2 Mei 2021 watu milioni 12.8 walikaa kutazama kigogo akifunuliwa. Akafunuliwa Ian Buckells: ofisa mzembe, asiyejua hata kuandika vizuri, aliyekuwepo tangu msimu wa kwanza mwaka 2012 na kila mtu alimchukulia kama kichekesho. Waingereza walichemka. Mtunzi Jed Mercurio alikuwa anasema kitu rahisi: rushwa haihitaji akili kubwa. Inahitaji mzembe mmoja, na wakubwa wanaompandisha cheo kwa sababu ni rahisi kuliko kumchunguza.

Shemeji. Baba. Bosi mezani. Mkata majani. Ofisa mzembe. Wahenga walishalimaliza hili zamani: kikulacho ki nguoni mwako. Na kila mara tunapokutana nalo kwenye kioo tunadai tumedanganywa.

Utasema, ndugu yangu mwandishi, hizi ni tamthilia, tuache tuburudike. Nakubali, burudani ni halali. Na sitaki kuwabeza wanaobuni nadharia, maana mchezo huu unafundisha kuangalia kwa makini, kutilia shaka, kudai ushahidi. Laiti tungeisoma bajeti ya serikali kama watu walivyoisoma Twin Peaks!

Shida ni pale mazoea ya kochini yanapotoka nje. Tarehe 15 Aprili 2013 mabomu yalilipuka kwenye mbio za marathoni za Boston na kuua watu watatu. Maelfu ya watu mtandaoni walizichambua picha za umati kama wanachambua sehemu ya tamthilia: begi hili, kofia ile, huyu mbona anatazama pembeni? Vijana wasiohusika walitangazwa kuwa magaidi. Gazeti moja la New York liliweka picha ya wawili wasio na hatia ukurasa wa mbele. Kijana mwingine, aliyekuwa amepotea na familia yake ikimtafuta, alitajwa usiku kucha kuwa ndiye mlipuaji, kumbe alikuwa ameshafariki. Mmoja wa wahusika halisi alikuwa mwanafunzi ambaye siku zile alirudi chuoni na kuonekana na wenzake kama kawaida.

Kuna na hili la huku kwetu. Januari 2024 wanawake waliandamana Nairobi, Mombasa na miji mingine ya Kenya kupinga mauaji ya wanawake. Kabla na baada ya maandamano yale, mitandao ilijaa wapelelezi: alikwenda pale kufanya nini, alikutana na nani, pesa zilikuwa za nani, ni kundi gani la siri. Kila kifo kilikuwa na nadharia yake. Lakini takwimu za Umoja wa Mataifa hazina fumbo lolote. Mwaka 2023 wanawake na wasichana wapatao 85,000 waliuawa kwa makusudi duniani. Kati yao 51,100 waliuawa na wenza wao au watu wa familia zao. Hiyo ni wastani wa 140 kila siku. Afrika iliongoza, kwa makadirio ya 21,700.

Yaani Twin Peaks ilisema kweli. Ukitaka kubahatisha nani kamuua Laura Palmer, yeyote yule, popote pale, anzia chumba cha pili.

Sisi waandishi wa habari tuna sehemu yetu ya lawama. Msichana akiuawa, tunajua kabisa kwamba habari ya genge la siri itasomwa na habari ya mume aliyeripotiwa polisi mara tatu itapitwa. Ya kwanza ina sehemu ya pili na ya tatu. Ya pili inaisha kwenye aya moja, kwa sababu majirani wote walikuwa wanajua.

Na hilo ndilo linaloniogopesha kuliko bundi wote wa Lynch. Fumbo linatupa raha kwa sababu halitudai chochote. Muuaji wa ajabu kutoka msituni hatumjui, hatukula naye, hatukuwahi kusikia mtoto akilia ukutani tukaongeza sauti ya runinga. Baba wa jirani tunamjua. Akiwa ni yeye, swali linahama: nani kafanya limeshajibiwa, linabaki nani alijua.

Basi kwa leo niishie hapo. Nipe maoni yako hapo chini: tamthilia gani ilikukasirisha ilipomtaja muuaji, na ulitaka awe nani? Halafu jiulize kimyakimya kwa nini hukutaka awe yule aliyekuwepo tangu mwanzo.